Klachi inazama mpaka chini, na paipu ni ya friji

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi niko Kondele, Kisumu, nimejiundia kagari ka skwea tyubu, injini ni Toyota 5K na gia boksi yake. Klachi ni ya haidroliki. Masta silinda, ile pampu ya pedali, nilitoa kwa gari ya skrepu, slevu, ile silinda ndogo inayosukuma klachi, iko kwa gia boksi, hapo katikati nimeunganisha na kopa ya friji na nati nikazizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji. Nikikanyaga mara ya kwanza pedali inazama, nikipampu mara tatu nne inashika, lakini rivasi inalia krrrr mpaka majirani wanachungulia. Nibadilishe masta?

JIBU: Ndugu yangu masta iache kwanza. Pedali ikishika baada ya kupampu hapo mara nyingi ni hewa, na rivasi inalia kwa sababu klachi haiachii yote, na gia boksi nyingi za zamani rivasi haina sinkronaiza, ile ringi ya kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kukusema.

Sasa hiyo kopa, itoe leo. Ni laini, lakini ikitetemeka na injini inakuwa ngumu pole pole halafu inapasuka pale pale karibu na nati, siku uko katikati ya Kondele na matatu ziko nyuma zinapiga honi. Nunua paipu ya chuma ya breki, ile ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Tepu nayo haina kazi hapo, kinachozuia mafuta si uzi wa nati, ni mdomo wa paipu kukaliana na kiti chake, na vipande vya tepu vikiingia ndani vitaziba vijitundu vya masta. Toyota nyingi ni nati ya M10 uzi wa 1.0, yaani unene milimita 10 na uzi mmoja mpaka mwingine milimita moja, na mdomo uliokunjwa mara mbili, lakini gari nyingi za Ulaya mdomo ni wa mviringo kama kifungo, kwa hivyo angalia hiyo masta yako ilitoka kwa gari gani, usilazimishe. Na nati iingize kwa paipu KABLA ya kukunja mdomo, usicheke, mimi nimeshakata paipu nzuri mara mbili siku moja kwa hilo tu.

Kitu kingine hujataja ni hozi. Injini inakaa kwa mauntini za mpira, inacheza, chesisi haichezi, sasa paipu ngumu ikitoka moja kwa moja mpaka kwa slevu itavunjika tu. Imalizie kwa braketi kwa chesisi halafu hozi ya klachi imalizie safari. Kama mwisho wake ni banjo, yaani pete inayopitishwa boliti katikati, weka washa mbili za kopa, moja kila upande, mpya. Paipu isipande mlima katikati, hewa inakaa hapo juu, na uiweke mbali na egzosi. Fluidi ya DOT 3, yaani hayo mafuta ya breki na klachi, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 hivi, ikishavuta unyevu inashuka mpaka karibu 140.

Ukitoa hewa hakikisha kale kaskrubu ka slevu kako juu, wengi huifunga kichwa chini halafu wanapampu mpaka jioni. Pia fimbo ya pedali iache icheze milimita moja hivi kabla ya kusukuma pistoni, bila hiyo mafuta hayarudi kwa chupa na klachi itaanza kuteleza. Ikibaki bado haiachii, hapo sasa ndio uangalie saizi: masta ya inchi 3/4 inasukuma mafuta karibu asilimia 44 zaidi ya ile ya 5/8, ila pedali itakuwa nzito.

SWALI: Naweza kujazia klachi na oili ya injini? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hapana. Raba zitavimba zote, za masta na za slevu, na ukishaweka kumwaga peke yake hakusaidii, utasafisha laini nzima na ununue seti mpya za raba na hozi juu.