Sabufa ikikaa sawa hutaisikia

Juzi usiku kuna ndugu kaniandikia kutoka Mwanza. Ana spika ndogo za shelfu zenye wufa, ile koni ya besi, ya inchi 5, kaongeza sabufa ya inchi 8, na sasa anasema mziki umeharibika, besi inavuma tu kama lori limepaki nje limewashwa, na pale aliponunua wamemshauri aiuze achukue ya inchi 12. Nimeisoma ile meseji mara tatu. Maneno hayohayo niliambiwa na mimi nikakaa nayo karibu mwaka mzima, ndio maana naandika kwa urefu.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Huku kwetu ukisema sabufa mtu anawaza seti nzima, boksi la chini na vispika vyake, lina sehemu ya flashi na rimoti. Siongelei hiyo. Naongelea mtu aliyejibana akanunua amplifaya ya stirio na spika mbili nzuri ndogo za mbao, akakaa akasikiliza akaona huku chini kuna kitu kinapungua, ndio akaongeza boksi la besi peke yake.

Mimi ni mtu wa rumba. Mzee wangu alikuwa hazimi redio wakipigwa Franco na TPOK Jazz, nimekua nasikia lile gitaa la besi linavyotembea chini ya magitaa mengine, na nilivyoanza kupata hela yangu nikasema lazima nilisikie nyumbani kwangu kama linavyotakiwa. Spika zangu ndogo zilinipa sauti za waimbaji na solo safi kabisa. Ila waya wa chini kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa Hz 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, namba ikishuka sauti nayo inakuwa nzito, na spika zangu zinaanza kuchoka kwenye Hz 60, kwa hiyo kile kidole unakisikia kinagusa waya lakini uzito wake hauji. Nikanunua sabufa. Nikaiweka kona nyuma ya tivii maana ndipo palipokuwa na nafasi, krosova, kile kitufe kinachoamua sabufa ipige mpaka wapi kwenda juu, nikaipandisha mpaka Hz 120, nikaongeza sauti mpaka nikaridhika.

Basi ikaja siku ya kipaimara cha mwanangu. Nyumba imejaa, wakwe wamekaa kwenye kochi, nimeweka rumba kwa fahari zote, na shemeji yangu akasema kwa sauti mbele ya watu, "Shemeji, huu sio mziki wa ndani, huu wa daladala." Watu wakacheka. Nikazima, tukala tunasikiliza taarifa ya habari. Iliniuma, na hata sasa naandika bado naisikia, kwa sababu hela niliyoweka pale naijua mimi na kwenye kile kiti changu besi ilikuwa inasikika vizuri tu, nikaona huyu ananionea.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nikapeleka sabufa kwa fundi mmoja mjini, akaniambia kapasita zimechoka, nikalipa, ikarudi inavuma vilevile. Nikaenda dukani nikaambiwa inchi 8 ni ya watoto, chukua ya 12. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya mchezo nikaichukue. Kabla zamu haijafika, jioni moja wimbo unapiga nikainuka kwenda kuchomoa chaja ya simu ukutani nyuma ya kochi, nilivyofika pale ukutani besi ikanipiga kifuani mpaka nikashtuka. Nikarudi katikati ya sebule kwenye stuli yangu, imepotea. Nikaenda ukutani, ipo. Nilifanya hivyo kama mara kumi, mama watoto ananiangalia tu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nakuomba na wewe uelewe hapa kabla hujatoa hata shilingi. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2 kwa 3.4, kuta za tofali za saruji, chini tailizi, hakuna kinachonyonya besi. Kwa joto la Dar sauti inakwenda kama mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili unapata Hz 41, yaani wimbi la hapo linajirudia kati ya kuta mbili za mwisho na kujijaza lenyewe, na ni palepale ulipo waya wa chini wa gitaa la besi! Wimbi hilo linakuwa kubwa ukutani na linakufa katikati ya chumba. Mimi kila siku nilikuwa narekebisha sabufa nimekaa kwenye stuli katikati, sisikii kitu, naongeza, naongeza tena, wakati mgeni wangu kwenye kochi lililobanwa ukutani anakula yote. Shemeji alikuwa anasema kweli ya masikio yake. Na sabufa nimeiweka kona, ambapo ndipo inapoamsha kila mvumo wa chumba kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nikaibeba sabufa nikaipandisha juu ya kochi, pale ambapo kichwa cha msikilizaji kinakaa, nikaweka wimbo wenye besi inayotembea, panda shuka, nikapiga magoti nikaanza kuzunguka sebule pembeni ya kuta nikiwa nimeinamisha sikio chini. Usicheke, ndio njia yenyewe, na inafanya kazi kwa sababu chumba hakijali nani ni spika na nani ni sikio, ukibadilishana nafasi matokeo ni yaleyale. Kona zote zinavuma. Mbele kuna sehemu noti mbili zinapotea kabisa. Halafu karibu na katikati ya ukuta mrefu, chini ya dirisha, kila noti ikasikika sawa na mwenzake. Nikaishusha sabufa nikaiweka hapo na kochi nikalitoa ukutani sentimita 40.

Krosova. Ile Hz 120 ilikuwa inanifanya nisikie sauti ya mtangazaji wa kiume inatoka kwenye boksi, kwa sababu sauti nzito ya mwanaume inaanzia hukohuko chini. Watu wa THX, wale wanaoweka viwango vya sauti za sinema, kwenye sinema za nyumbani waliweka Hz 80, maana chini ya hapo sikio linashindwa kujua sauti inatoka upande gani. Mimi amplifaya yangu haikati besi kwenda kwenye spika ndogo, zenyewe zinashuka mpaka 60, ningeweka 80 zingepiga zote mbili sehemu moja na pale pangevimba, nikaweka 70. Ya kwako ikiwa na uwezo wa kuzikata spika ndogo, zikate kwenye 80 na sabufa iweke 80, utaona hata zile ndogo zinapumua, waimbaji wanakuwa wepesi zaidi.

Halafu feizi, hii swichi ya 0 na 180 inayogeuza sabufa ianze kwa kusukuma hewa au kwa kuvuta, wengi hawaigusi kabisa. Wimbi la Hz 70 lina urefu wa karibu mita 5, kwa hiyo sabufa ikizidiana na spika kwa mita mbili na nusu kuja kwenye sikio lako, huyu anasukuma hewa wakati yule anavuta, wanauana. Tafuta mlio wa Hz 70 kwenye YouTube, kaa kwenye kochi, mwambie mtu akubonyezee swichi, chagua upande unaosikika mkubwa. Mwanangu alinibonyezea, upande mmoja sauti ilikuwa karibu nusu. Mwaka mzima nilikuwa kwenye upande mbaya!

Sauti ya sabufa iwe ya mwisho kurekebisha, na urekebishe ukiwa umekaa pale wanapokaa watu. Anza sifuri, panda polepole mpaka uanze kuisikia kwamba sasa kuna sabufa, kisha rudi chini kidogo. Izime. Ukiona mziki umepungua kifua, umeweza. Ukiona mziki umekuwa msafi zaidi ilivyozimwa, bado imezidi, shusha. Mimi nilishusha kwa siku nne mfululizo, kila siku kidogo, kwa sababu sikio lililozoea fujo linachelewa kukubali. Bongo Fleva na amapiano zimepikwa na besi nyingi tayari, usiseti kwa hizo, seti kwa mtu anayepiga gitaa la besi la kweli.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja. Sikumwambia chochote, nikaweka rumba ileile. Alikaa nyimbo tatu hajasema neno, ya nne akainama akaangalia nyuma ya tivii, akaniuliza, "Ile sabufa uliuza?" Nikamwonyesha chini ya dirisha. Akaenda akaweka mkono juu yake kuhakikisha inapiga. Jamani, hakuna sifa nimewahi kupewa kwenye nyumba yangu ikanifurahisha kama lile swali.

Sasa nyie wenzangu mnaopenda mziki, acheni kukimbilia dukani. Tunajinyima, tunacheza michezo, tunanunua inchi kubwa kuliko za jirani halafu tunabana kochi ukutani na boksi kona. Sabufa kubwa kwenye kona mbaya ni mvumo mkubwa zaidi, basi. Sogeza kwanza. Sogeza boksi, sogeza kochi, shusha sauti, sogeza tena. BBC kwenye miaka ya 70 walitengeneza kispika kidogo cha LS3/5a kwa ajili ya magari yao ya matangazo, besi ya chini hakina, na mpaka leo watu wanakitafuta kwa bei kubwa kwa sababu sauti ya mtu inatoka kama mtu. Hiyo ndio sehemu ya kwanza ya kulinda, sabufa inakuja kuibeba kwa chini.

Yule ndugu wa Mwanza nimemwambia asiuze. Nimemwomba apime sebule yake kwa futi kamba, anitumie urefu na upana na aniambie anapokaa akiwa anaseti. Amejibu kitu kimoja tu mpaka sasa, kwamba kochi lake limegusa ukuta.