Alisusiwa au alitengwa?

Wiki iliyopita mliuliza: ni neno gani la Kiingereza tunalokutana nalo kila siku ambalo asili yake inafaa ijulikane? Langu ni boycott. Nimetafsiri habari kwa miaka mingi, na kila likija naandika "kususia" na kuendelea na kazi. Sasa naona nililipunja.

Boycott lilikuwa jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alisimamia mashamba ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880, mavuno yakiwa mabaya, wapangaji walitaka kodi ishuke kwa asilimia 25, wakapewa 10. Boycott akatafuta hati za kuwafukuza 11 kati yao. Siku chache kabla, mwanasiasa Charles Parnell alikuwa amewaambia wakulima mjini Ennis kwamba mtu anayechukua shamba la aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe: barabarani, dukani, hata kanisani.

Kilichompata Boycott ndicho hicho. Vibarua waliondoka mazao yakiwa bado shambani. Mhunzi alionywa asimfanyie kazi tena, dobi akaambiwa aache kufua nguo zake, wenye maduka wasimuuzie kitu. Novemba wakaletwa wavunaji 50 kutoka mbali, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Mazao ya kama pauni 500 yakavunwa kwa gharama iliyokadiriwa kufika pauni 10,000! Desemba Boycott akaondoka Ireland.

Mwandishi Mmarekani, James Redpath, alikuwa akitafuta neno jepesi ambalo wakulima wangelielewa. Padri wa pale, John O'Malley, akamwambia: tuseme kum-Boycott.

Kususa kwetu ni kujitoa wewe. Ndiyo maana tunaambiana, ukisusa, wenzio twala. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia. Dhahabu ikachukuliwa na John Walker, wa New Zealand hiyo hiyo. Naheshimu uamuzi ule, lakini bado unaniuma.

Kule Mayo hakuna aliyebaki wa kula. Mtu alinyimwa mikono ya majirani zake wote, na hilo kwa Kiswahili ni kutengwa. Kiingereza kinayaita yote mawili boycott. Sisi tuna maneno mawili, na siku hizi kabla sijaandika lolote huuliza kwanza: nani kajitoa, na nani kafungiwa mlango?