Johnny Crawford ni yuleyule mmoja

Kuna wanaodhani Johnny Crawford mwigizaji na Johnny Crawford mwanamuziki ni watu wawili. Sio majina kufanana, ni mtu mmoja. Johnny Crawford aliyekuwa yule dogo Mark McCain kwenye The Rifleman, tamthilia ya TV ya Marekani, 1958 mpaka 1963, ndo huyohuyo aliyekuja kuongoza okestra ya muziki wa dansi kule Los Angeles. Mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa mwimbaji kwenye bendi ya Vince Giordano, New York, halafu akaunda yake, Johnny Crawford Orchestra, walikuwa wanapiga zilipendwa za Marekani za miaka ya 20 na 30, na hakuwa anazigeuza ziwe za kisasa, anaziimba taratibu kama zilivyoimbwa enzi hizo, saksafoni na tarumbeta zinaitikia nyuma yake, raha tupu. Namsikiliza miaka mingi sana, sauti ya ukubwani naijua vizuri. Ila usichanganye na rekodi zake za ujana kama Cindy's Birthday ya 1962, ile ni pop ya vijana wa wakati ule, ukianzia hapo utadhani kweli ni watu wawili. Alifariki Aprili 2021 akiwa na miaka 75.