Barua kwa Mwanangu: Kimya cha Mgeni Hewani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti ili baba yako aisikie, naye kama kawaida yake alisikiliza huku akijifanya hasikilizi. Umeniuliza swali moja tu: mtu aliyejiunga na kundi la wanaredio wa ridhaa ambao wamekuwa wakikutana hewani tangu kabla hajazaliwa, na ambao siku hizi huendeleza mazungumzo yao kwenye intaneti baada ya mitambo kuzimwa, anapaswa kunyamaza kwa muda gani kabla ya kuthubutu kusema? Unaeleza kwamba uliita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, kwenye masafa uliyoyaona matupu, mzee mmoja akakukemea mbele ya wote kwa kuvamia mazungumzo ya watu, na mwingine akaongeza kwamba zamani mgeni alisikiliza mwaka mzima kabla ya kugusa kibonyezo cha Morse, ile lugha yetu ya nukta na vistari. Unataka nikutajie wiki au miezi.

Sina miezi ya kukutajia. Ninalotaka kujua mimi ni kimya hicho kina kazi gani. Tangu ulipokuwa ukimwaga sakafuni kadi zangu za QSL, zile za kuthibitisha mawasiliano, na kuzipanga kwa rangi, badala ya kuzipanga kwa nchi kama nilivyokuomba, nimekuwa nikikuambia kwamba anayesikiliza tayari yumo. Hilo bado naliamini. Mtu anayejua nani hufungua mkutano, nani husikika vizuri jua linapozama, nani hujibu kwa kifupi kwa sababu mkono wake umezeeka, huyo ni mwenyeji hata kama jina lake halijatajwa na yeyote. Lakini kuna jambo ambalo masikio hayawezi kukufundisha, na inashangaza kwamba wazee wako hawakulitaja, kwa kuwa ndilo hasa lililokuponza.

Uliniandikia kwamba ulikuwa kwenye megahezi 14. Mawimbi ya masafa hayo hayaambai ardhi kwa umbali mrefu. Hufifia baada ya makumi ya kilomita. Yale yanayopanda angani hupindwa na ionosfia, lile tabaka la juu la anga, na kurudi chini mamia ya kilomita mbele, mara nyingi zaidi ya elfu moja. Kati ya pale yanapofifia na pale yanaporudi hubaki ukanda ambao hausikii kitu. Sasa tuseme watu wawili wanazungumza, mmoja wao yumo ndani ya ukanda wako bubu, na ni zamu yake kusema. Wewe husikii hata mkwaruzo, ilhali yule mwenzake wa mbali anamsikia yeye na atakusikia na wewe pia, mkiwa mmepandiana. Ungeweza kukaa hapo ukisikiliza kwa subira ya mtawa na bado masafa yakaonekana matupu. Dawa yake ni kuuliza: unatuma QRL?, yaani je, masafa haya yanatumika, unangoja, unauliza tena, kwa sababu aliyekusikia huenda kwa wakati huo yuko katikati ya kumpokea mwingine. Misimbo hiyo ya Q ilitungwa Uingereza mnamo 1909 kwa ajili ya meli na vituo vya pwani, ikaingizwa katika mkataba wa kimataifa uliofikiwa London mwaka 1912, na imedumu muda wote huu kwa sababu hitaji lililoizaa halijaisha.

Kwa hiyo yule aliyekukemea alikuwa na haki juu ya kanuni, na yule aliyetaja mwaka mzima hakuwa na haki hata kidogo, maana mwaka wa kimya usingekuonyesha kilichomo ndani ya ukanda ule. Kilichohitajika kilikuwa ni kufungua kinywa na kuuliza. Haya, nimejipinga mwenyewe kabla hata ukurasa haujaisha; baba yako angefurahi. Bado nasema kwamba anayesikiliza tayari yumo, ila naona sasa kwamba kuuliza ni sehemu ya kusikiliza, na kundi linalomwambia mgeni asiulize linamnyima nusu ya sikio.

Utakutana na desturi nyingine ambazo hazina sababu ya namna hiyo. Kuna watakaokucheka ukituma 73S badala ya 73, ambayo ni salamu yetu ya kuagana, eti salamu ile tayari ni ya wingi na herufi ya mwisho imezidi. Tuma 73, haikugharimu chochote, lakini usiamini kwamba kuna mtu aliyewahi kudhurika kwa S moja. Mimi huipima desturi kwa kuuliza nani ataumia ikivunjwa. Ukipuuza QRL?, kuna mtu ataharibikiwa na mawasiliano ambayo pengine ameyatafuta msimu mzima. Ukiacha kupunguza mwendo wa Morse ili ulingane na mwenzio, mtu atabaki nyuma. Ukituma S ya ziada, wataumia wanaotaka tu kujua nani ni mgeni.

Na ugeni wenyewe umebadilisha nguo mara nyingi katika shughuli yetu. Waliozoea AM, namna ya zamani ya kutuma sauti, waliwadhihaki wenzao walioanza kutumia namna mpya, SSB, kwamba wanalia kama bata. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliondoa sharti la kujua Morse kwa wanaotaka leseni ya masafa ya chini ya megahezi 30, na kila nchi ikaachiwa uamuzi wake. Hapo waliofaulu mtihani wakaanza kuwatazama waliokuja baadaye kama watu walioingia kwa mlango wa nyuma. Ilipotolewa FT8 mwaka 2017, namna ya kuwasiliana ambayo kompyuta ndiyo hutuma na kupokea kwa vipindi vya sekunde 15, lawama ile ile ikarudi, kwamba hiyo si redio tena, ingawa mmoja wa wabunifu wake wawili, Joe Taylor, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, na mtu kama huyo huwezi kumwambia kwamba haelewi redio. Mimi niliufanya mtihani wa Morse na nina maoni yangu kuhusu kompyuta inayozungumza na kompyuta nyingine wakati mwenyewe amekwenda kuoga, lakini hayo hukuniuliza.

Hukuniuliza pia habari ya mkutano ule wa jioni, ila barua yako imeniletea, na sina njia ya kuendelea bila kuupitia.

Unaijua nusu ya kisa. Unajua kwamba leseni ilikuwa yangu na kwamba baba yako hajawahi kuwa nayo, kwamba antena ilikuwa ule waya ambao shangazi yako aliuanikia nguo, na kwamba nilijifunza Morse nikiwa na mimba yako. Nililokuwa nimelificha ni jinsi nilivyopokewa. Kulikuwa na mkutano wa kila wiki kwenye megahezi 7, kwa sauti, na mwendeshaji wake alikuwa mtu mwenye kituo chenye nguvu na adabu ya kusifika. Nilikuwa nimewasikiliza kwa muda mrefu sana. Nilijua mpangilio wao, utani wao, hata kikohozi cha kila mmoja. Jioni moja alipouliza kama kuna vituo vipya, nilitaja alama ya kituo changu, polepole, kwa tahajia ya kimataifa, kama inavyotakiwa. Akanikaribisha kwa upole, kisha akaniomba nimpe kipaza sauti mwenye kituo.

Nikajibu kwamba mwenye kituo ndiye mimi. Baba yako alikuwa amelala kwenye kochi na gazeti usoni.

Mwendeshaji alinyamaza kidogo, akasema kwamba atarudi kwangu baadaye, akamwita anayefuata. Hakurudi. Alipoisoma orodha ya waliohudhuria mwishoni, alama yangu haikuwemo, ingawa walinisikia wote, kwa kuwa hali ya hewani usiku ule ilikuwa safi mno.

Sikiliza kwa makini ninachokuambia: huyo mwendeshaji hanichomi tena. Nilishamweka kwenye fungu la watu wa namna yake, na fungu hilo si dogo. Wanaonichoma mpaka leo ni wale wengine waliokuwa na vipaza sauti mkononi. Walisikia swali, wakasikia jibu langu, wakasikia orodha ikisomwa bila mimi, na kila mmoja zamu yake ilipofika akazungumzia antena yake. Walikuwa wasikilizaji hodari wote. Hapo ndipo msemo wangu wa anayesikiliza unapokwama, nami ninaona unavyokwama, na bado siwezi kuuacha, kwa sababu bila huo nisingekuwa nimekaa hewani hata wiki moja.

Niliteremsha masafa hadi sehemu ya chini ya ukanda, upande wa Morse, kwa sababu kule hakuna sauti ya mtu. Nikauliza QRL?, nikauliza tena, nikaita CQ kwa mkono uliokuwa ukitetemeka kiasi kwamba nukta na vistari vilikaribia kufanana. Kituo kimoja kikajibu, na nilipoandika alama yake kwenye daftari nikaitambua: alikuwemo mkutanoni dakika chache zilizopita. Nilimfahamu kwa kumsikia kwenye Morse siku nyingine kwamba hutuma kwa kasi ambayo mimi nisingeifikia kamwe. Usiku ule alinijibu kwa mwendo wangu, na nilipokosea alama moja akapunguza zaidi, kama kwamba yeye ndiye aliyehitaji nafasi. Hakutaja mkutano. Aliniuliza jina, akanipa ripoti ya jinsi ninavyosikika, akanieleza habari za antena yake, na mwisho akaniaga kwa 73. Wewe ni mgeni na huenda hujui uzito wake: wanaume wengi hewani, wakijua upande wa pili yuko mwanamke, hutuma 88, ambayo ni mapenzi na mabusu, bila kuombwa. Yeye alinitumia salamu anayomtumia kila mtu. Nilicheka peke yangu, nikatuma HI, kile kicheko cha Morse chenye nukta nne na nukta mbili ambacho wanaredio wa ridhaa walikiweka hata kwenye setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1961, ikawa inazunguka dunia ikicheka.

Kadi yake ya QSL unaijua, ni ile ya kijani uliyoichora masharubu. Nyuma yake ameandika tarehe, saa, masafa na ripoti, kama inavyopaswa, na hakuna neno jingine.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki moyoni kama kisa cha wema. Mtu alinifuata nilikokwenda, akapunguza mwendo, akanifanya mmoja wao bila kelele. Kisha siku nyingine najiuliza kwa nini hakubonyeza kipaza sauti chake pale mkutanoni na kusema maneno matatu tu, kwamba kuna kituo kimesahaulika. Huenda alikuwa mtu wa haya, kwani wapo wengi wanaopenda Morse kwa sababu hiyo. Huenda aliona kwamba kunitetea mbele ya wote kungenifanya niwe kioja. Au alitaka kuwa mwema bila kulipia wema wake. Nikishindana na nafsi yangu juu ya hilo, upande mmoja hushinda asubuhi na mwingine usiku. Jambo moja halina ubishi: mimi nikawa mwanaredio kwa sababu yake, na mkutano ule ukabaki jinsi ulivyokuwa kwa sababu yake pia, yake na ya wenzake.

Ndiyo maana kuhusu kundi lako siwezi kukuambia kaa au toka, ingawa baba yako ananihimiza nikuambie utoke na kalamu yenyewe inanielekeza huko huko. Nieleze kwanza mambo mawili ambayo barua yako imeyaruka. Ulipokemewa, je, kuna yeyote aliyekueleza habari ya ukanda bubu, au walikuonyesha kosa tu bila kukuonyesha sababu? Na je, kuna aliyekuandikia pembeni baadaye, na kama yupo, amewahi kusema neno lolote mbele ya wengine? Kuhusu yule mzee wa mwaka mzima nina maoni kamili, yamekomaa, na nayashikilia kwa shida mpaka nipate majibu yako.

Wakati huo huo usinyamaze kwa adhabu. Uliza QRL? hata ukiwa na hakika, itikia kila anayetuma polepole kuliko wewe, na ukimsikia mgeni mwingine anaita bila kujibiwa, mjibu.

Jumapili watakapokutana nitawasikiliza kupitia kimojawapo cha vile vipokezi vya intaneti, kama kile cha Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, ambavyo mtu huvizungusha masafa akiwa popote. Usimwambie mtu kwamba mama yako yupo. Nimemwahidi baba yako kwamba sitagusa kibonyezo, naye ameniuliza kama ahadi hiyo inahusu pia kipaza sauti, na swali lake sijalijibu.

Ni mimi, mama yako.