Meli itapita mbele ya mama yako

Shikamoo Somo. Mimi ni mwanamke wa miaka 54, mzaliwa wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, nesi huku Uingereza kwa miaka 24. Mume wangu ni wa Malindi, wazazi wake wameshatangulia mbele ya haki. Mwaka jana alistaafu udereva wa basi. Februari ijayo tunatimiza miaka 27 ya ndoa, naye amenikatia tiketi ya meli ya kitalii bila kuniambia: siku 21, tunapandia Port Louis kule Morisi, halafu Réunion, Nosy Be, Unguja, Mombasa, Shelisheli, kisha tunarudi Morisi. Nililia kwa furaha mpaka nilipofika kwenye neno Mombasa. Meli itafunga Kilindini saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Nikasema nitamjulisha mama. Akasema hapana. Anasema likizo zetu zote zimeishia Likoni: paa la nyumba, karo za watoto wa kaka, matanga, harusi, na hatujawahi kulala hotelini sisi wawili hata usiku mmoja. Anataka siku hiyo tusishuke kabisa, tubaki melini, na mtu asijue. Mama ana miaka 79. Na mpwa wangu anaendesha gari la watalii, siku za meli huwa yupo getini bandarini akingoja wageni. Wiki ya tatu hii tunanuniana. Nifanyeje? Halafu Somo, usinicheke, naogopa kidogo hicho chumba cha meli. Tangu tuje huku mimi ni zamu za usiku, yeye ni basi la alfajiri.
Mama Salma, Leicester

Marahaba, mwanangu.

Nimekucheka, lakini si kwa hilo la chumba. Nimecheka kwa sababu mumeo ameendesha basi miaka yote hiyo na bado hajatazama ramani. Kufika Kilindini lazima meli ipite mkondo wa Likoni. Wewe ni wa huko, unakumbuka: meli kubwa ikiwa inaingia, feri husubiri kando ipite, na watu wote waliomo, wenye mikokoteni, watoto wa shule, wauza samaki na ndoo zao, huinua vichwa na kuitazama. Sasa piga picha. Alfajiri ya siku hiyo wewe uko juu sitahani, kikombe cha chai mkononi, na chini yako feri imejaa watu wa kwenu. Unayatambua mapaa. Huenda unalitambua hata lile mlilolipia. Mama yuko hapo, mwendo wa dakika chache kutoka majini, anakunywa uji. Kisha uende ukaogelee?

Hutaogelea. Utakaa kwenye kiti saa kumi nzima, uso umeelekea bara, na mumeo atakuwa amelipa pesa zake zote kutazama kisogo chako. Mpango wake hauwezi kumpa hicho anachokitaka. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, na usiingize habari za radhi ya mama wala pepo iliyo chini ya nyayo zake. Anazijua. Ukizitaja atajitetea, na mtaendelea kununiana hadi Februari.

Sasa nimtetee yeye, nawe usininunie.

Nimeisoma orodha yako mara mbili: paa, karo, matanga, harusi. Hukuandika kwamba alikataa hata kimoja. Mwanamume aliyeamka saa tisa usiku kwenye baridi ya huko kupeleka watu waendako, akakusanya likizo yake ya mwaka, akaenda kuikalia ukumbini kwa mama mkwe akihesabiwa mabati. Wazazi wake hawapo, kwa hiyo hana hata kwao kwa kukushindanisha nako. Miaka 24! Kisha siku moja anakata tiketi, na kwa mara ya kwanza hakuna jina la ndugu yeyote kwenye hesabu, ila lako na lake. Wewe ukafungua bahasha, ukasoma bandari zote, na neno la kwanza kutoka kinywani likawa "mama". Mimi kwangu hapo ndipo palipouma. Hamchukii mama yako. Alitaka walau mara moja aonekane yeye kwanza, na hata Bahari ya Hindi nzima haikutosha, Likoni imemfuata humo humo.

Kwa hiyo usimwombe ruhusa ya kumwona mama, kwa sababu hilo si jambo la kuombewa ruhusa, na usimpokonye safari yake. Mpe hesabu iliyo wazi. Siku moja ni ya mama. Ishirini ni zake yeye, na ziwe zake kweli: kundi la familia la WhatsApp likae kimya, asisikie habari ya mfereji uliopasuka wala mtoto wa kaka aliyefukuzwa shule. Intaneti ya melini huuzwa ghali. Msiinunue, iwe ndio kisingizio chenu. Salma awe na namba ya dharura ya meli, na inatosha.

Hiyo siku ya mama nayo ina mambo yake, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu wengi huiharibu kwa mapenzi.

Usivuke kwenda Likoni. Najua mama atataka uingie nyumbani, ukae kwenye mkeka wake, majirani waje mmoja mmoja. Lakini feri ni feri. Ikiharibika moja, foleni inafika huko juu, na barabara ya Dongo Kundu, ya kufika Likoni bila feri, ni mzunguko mrefu kwa mtu anayehesabu dakika. Meli hutaka abiria wawe wamerudi mapema kabla ya saa ya kuondoka, mara nyingi nusu saa au zaidi. Mkitoka na matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe na mkachelewa, kwa kawaida watawangoja. Mkitoka wenyewe hawawangoji, mtaiona ikipita mkondo bila nyinyi, na ndege ya kuikimbilia Shelisheli mtajilipia. Mumeo hatakusamehe hilo, na mimi sitamlaumu.

Mama ndiye avuke, asubuhi na mapema. Na wa kumleta ni huyo huyo mpwa mnayemwogopa. Mwambie wiki moja kabla, mwapishe, na mlipe ujira wa siku nzima kama mgeni mwingine yeyote, maana siku za meli ndizo anazopatia riziki na wewe usije ukaila kwa jina la undugu. Awachukue nyinyi getini, mama akiwa tayari ameketi garini. Muende Mama Ngina, ufukweni kisiwani Mombasa kando ya mkondo huo huo, chini ya ile mibuyu, mkae upande wa bahari. Madafu yapo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu ipo. Usichague nyumba ya ndugu yeyote mjini. Ukiingia nyumba moja umeingia zote, na kufikia saa sita kuna mtu anakueleza habari za kiwanja.

Mama mwenyewe mwambie jioni ya kuamkia siku hiyo, ukiwa bado Unguja. Si kwa kumficha. Februari ni kaskazi, na pwani yetu hutulia kiasi, lakini huko kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga vina msimu wake, Novemba hadi Aprili. Nahodha akiona hatari anaruka bandari au anabadilisha njia, na mikataba ya meli humpa haki hiyo. Mzee wa miaka 79 aliyepika tangu juzi, akaambiwa meli haiji, huo ni unyama. Ukimpigia kutoka Unguja, imebaki safari ya usiku mmoja tu, na hatapata muda wa kukusanya mtaa. Mahamri atapika, hilo huwezi kulizuia kwa namna yoyote. Yaleni pale pale kwenye mibuyu pamoja na mbaazi zake, kwa kuwa meli nyingi haziruhusu abiria kupanda na chakula cha nje, na sitaki uwaone walinzi wakiyatupa mahamri ya mama kwenye pipa.

Bahasha ya zawadi iandaliwe Leicester, kiasi mkubaliane wawili, isiongezwe ufukweni mama akianza kuhema. Na aitoe mumeo kwa mkono wake. Kama hataki kuja, asije. Aende Fort Jesus na watalii wenzake, na wewe usimsimulie jioni jinsi mama alivyomuulizia. Lakini nadhani atakuja. Mwanamume aliyejenga paa hupenda kushukuriwa na mwenye paa.

Mambo ya afya wewe ni nesi, unayajua kunishinda, ila nimeona manesi wengi wakijisahau wao: Morisi na Shelisheli hudai kadi ya homa ya manjano kwa anayetokea nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Kadi ya zamani haiishi muda tena tangu Julai 2016, kwa hiyo itafuteni kabatini kabla ya kuchanjwa upya. Kama baba Salma ameshapita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, aongee na daktari kwanza. Dawa za malaria mnywe wote wawili. Kinga mliyoipata mkikulia pwani mmeshaiacha kwenye baridi. Na kama mna pasipoti za Uingereza pekee, muulizeni wakala kuhusu kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya kilichoanza Januari 2024.

Hayo basi. Sasa nije kwenye ile mistari yako ya mwisho, uliyoichomeka kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka. Barua ndefu yote ni ya mama, kumbe barua yenyewe ni ile "naogopa kidogo hicho chumba".

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo melini. Miezi minane yuko baharini, miezi mitatu nyumbani. Akirudi, siku ya kwanza ni sherehe, ya pili ni sherehe, ya tatu naanza kumwona jinsi anavyokaa. Anakaa mlangoni! Nikipita na ndoo lazima avute miguu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilishaanza kulitafuta jembe lenyewe. Siku ya tano nikaenda kulia kwa dada yangu kwamba nimeolewa na mtu nisiyemjua. Dada akaniambia, "Na yeye je, anakujua? Mnapendana kwa barua." Ilikuwa kweli. Kwenye barua alikuwa mcheshi. Ana kwa ana alikuwa mtu anayekohoa asubuhi na kupanga viatu. Ilinichukua misimu miwili kumzoea mpanga viatu, na leo ndiye ninayemkumbuka zaidi ya yule wa barua.

Nyinyi nanyi, kwa miaka 24, mmependana kwa vikaratasi juu ya friji. Mlikuwa mnapishana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Sasa mnakwenda kufungiwa kwenye chumba ambacho ukiinuka kitandani unagusa kabati. Hofu yako ina akili. Mumeo naye anayo, nina hakika, ndiyo maana alikata tiketi bila kukuuliza. Aliogopa ungesema hapana.

Ulizeni kama chumba kina dirisha. Kile cha ndani ni nafuu, lakini ukizima taa hujui mchana wala usiku, na kwa mtu wa zamu za usiku hilo ni tatizo. Chukua likizo wiki moja kabla ya kusafiri, mwili urudi kwenye saa za watu. Kila siku muachane kwa saa mbili tatu, bila kuulizana "ulikuwa wapi". Wala usiogope ukimya wa mezani. Watu waliozoea kupishana hudhani ukimya ni ugomvi.

Siku za kuangalia ni zile za baada ya Mombasa. Kufika Shelisheli kuna siku kama mbili za bahari tupu, hakuna bandari, hakuna pa kwenda. Utakuwa umemuaga mama, na kila ukimuaga mtu wa miaka 79 unajua unachokifikiria. Usimlipize mumeo huzuni hiyo. Mwambie tu una huzuni. Meli ikitoka Kilindini jioni ile, simameni upande wa kushoto, kisiwa kiko upande huo. Mpwa ambakize mama pale kwenye mibuyu, na leso nyekundu itaonekana toka mbali.

Halafu kuna jambo ambalo pengine hujalifikiria. Usiku wa kwanza, saa tisa, wewe utakuwa macho kwa mazoea ya wodi. Usigeuke ukutani ukajifanya umelala. Yeye naye atakuwa macho, hiyo ndiyo saa yake ya basi. Kwa miaka 24 saa hiyo mmoja wenu alikuwa kazini na mwingine anatafuta soksi gizani. Melini mara nyingi hukosi pa kupata chai hata saa hizo. Mguse bega, muulize kama anataka kupanda juu.