Masala ya chai ya kutia maji moto tu: shida yako ni tangawizi mbichi

Dada wa Kakamega, umesema unataka kumtengenezea kijana wako aliye chuoni Maseno masala yaliyochanganywa tayari na maziwa ya unga na sukari, ili yeye atie maji moto tu anywe. Ulikwaruza tangawizi, ukatwanga iliki na mdalasini, ukachanganya vyote kwenye mkebe. Kabla ya wiki mbili vikaganda kama tofali, na siku alipojaribu kuyatia kwenye maziwa ya ng'ombe, maziwa yakakatika. Ukauliza kama iliki ilikuwa mbaya.

Iliki haina kosa. Shida zako mbili zimezaliwa na kitu kimoja: tangawizi uliyotia mbichi. Karibu sehemu nne kati ya tano za tangawizi mbichi ni maji. Sukari na maziwa ya unga vyote viwili hupenda maji, kwa hivyo vimeyafyonza na kushikana. Tena ndani ya tangawizi mbichi mna kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Kikichemshwa kwanza kwenye maji hupoteza nguvu na maziwa hayasumbui. Kikikutana na maziwa ya vuguvugu kabla ya kuchemka, hapo ndipo unaona mabonge.

Nimepika chai kibandani karibu na steji ya Kondele hapa Kisumu kwa miaka sita, na hilo nililijua kwa hasara. Msichana aliyekuwa akinisaidia alitumbukiza tangawizi iliyopondwa ndani ya lita tano za maziwa kabla hata sufuria haijapata moto vizuri. Nilipofunua kifuniko niliona vipande vyeupe vimepanda juu, na chini maji ya rangi ya manjano. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, madereva wa Busia wamekaa kwenye benchi wanangoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa maziwa kwangu kabla maji ya tangawizi hayajatokota.

Sasa, kwa kuwa kijana hatakuwa na jiko, lazima tangawizi iwe kavu kabisa. Kukausha ndiko kazi yenyewe, hayo mengine ni mepesi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Nunua ile tangawizi ndogo yenye nyuzinyuzi, kama ile inayoingia kutoka Uganda kupitia Busia. Ile minene laini inapendeza macho lakini kwangu imekuwa na maji mengi na ukali kidogo. Ioshe kwa brashi, usiimenye, maana harufu nyingi iko karibu na ganda. Ikate vipande vyembamba kama sarafu, ukikata kwa kuvuka nyuzi, si kwa kufuata urefu wake. Ukifuata urefu, unga wako utakuwa na nywele na zitamkwama kijana kooni.

Hapa Kisumu, kati ya Desemba na Februari, naianika kwenye ungo juu ya paa la mabati, nimefunika kwa chandarua cha zamani, na siku tatu au nne zinatosha. Jioni naiingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku unarudisha yote uliyoyakausha mchana. Kwenu Kakamega mvua ya alasiri haichoki, kwa hivyo usitegemee jua. Ukishamaliza kupika ugali wa jioni, acha makaa yafifie, weka bati la kuokea juu ya jiko likiwa limeinuliwa kwa mawe matatu madogo, tandaza vipande, uvigeuze kila unapokumbuka. Rudia usiku mwingine mpaka vikauke. Kipande kilicho tayari hukatika kwa sauti, tak! Kikipinda, bado. Usijihurumie hapo, rudisha kwenye moto. Kilo moja mbichi hunipa gramu 200 hivi kavu, wakati mwingine pungufu.

Ukiona hata kipande kimoja kina ukungu, mwaga fungu lote. Najua inauma kutupa chakula. Lakini sumu ya ukungu haifi kwa kuchemsha chai. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 kule Ukambani, na viungo vilivyokaushwa vibaya huota kuvu wa aina hiyo hiyo.

Vipimo vyangu vya gramu 100 ni hivi: tangawizi kavu 40, iliki 25, mdalasini 20, pilipili manga 10, karafuu 5, na kungumanga nusu tembe ya kukwaruza juu. Kama huna mizani, mwenye duka anayeuza viungo kwa kupima atakupimia kila kimoja kwenye karatasi yake. Mimi hununua Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa. Karafuu usiongeze hata ukishawishika. Ikizidi, chai inakuwa na ladha ya dawa ya meno na ulimi unakufa ganzi. Kungumanga nayo ni ya kunukisha tu, kwa wingi inadhuru mwili. Na kama kijana ana vidonda vya tumbo, punguza pilipili manga iwe 5 au uiache.

Iliki nunua nzima, ya kijani. Iliyopauka ikawa kama majani makavu imeshapoteza harufu. Kwa masala ya kupika kwenye sufuria mimi husaga na maganda yake, kwa sababu chai itachujwa. Kwa haya ya kijana, yasiyochujwa, toa mbegu peke yake. Pima gramu 25 baada ya kumenya. Ni kazi ya kukaa chini na sinia mapajani, lakini maganda hayatupwi: yaweke ndani ya mkebe wa majani ya chai, na baada ya wiki majani yenyewe yatakuwa yananukia.

Mdalasini unaouzwa sokoni kwetu mara nyingi ni magome mazito, magumu kama mbao. Yavunje kwanza kwa kinu na mchi. Blenda yangu ya kwanza niliiua kwa kutumbukiza vijiti vizima.

Kabla ya kusaga, pasha viungo vizima kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika mbili, huku ukikoroga. Hukaangi, unafukuza unyevu tu. Vikianza kukupiga puani, epua. Vikigeuka rangi umechelewa, harufu imekwenda na moshi. Hapa ndipo wengi huharakisha: wanasaga vikiwa moto na kufunga mkebe papo hapo. Mvuke unagonga kifuniko, unakuwa matone, matone yanarudi kwenye unga. Viache vipoe kabisa, saga, kisha tandaza unga kwenye sinia tena mpaka upoe, kwa sababu blenda nayo inaupasha. Halafu chekecha. Kwa kikombe kisichochujwa mimi huchekecha mara mbili, ya pili kwa kitambaa chembamba kikavu. Kinachobaki juu ya kitambaa ni chenga nzuri kwa sufuria ya nyumbani.

Sasa mchanganyiko wa kijana. Gramu 250 za maziwa ya unga, gramu 150 za sukari, na vijiko viwili vya mezani vya masala. Sukari isage kwanza iwe unga. Usipoisaga, chembe zake ni nzito na kubwa kuliko unga wa masala, na mkebe ukitikiswa ndani ya matatu kutoka kwenu hadi Maseno vitatengana: vikombe vya kwanza havitalingana na vya mwisho. Changanya masala na sukari kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maziwa.

Majani ya kawaida usiyachanganye humo. Hayayeyuki, na atakuwa anayatafuna. Mpe majani ya mifuko kando. Majani yetu ya Kericho na Nandi husagwa punje ndogondogo zinazotoa rangi haraka, kwa hivyo dakika tatu ndani ya maji yaliyotoka kuchemka zinatosha. Atoe mfuko, ndipo atie vijiko viwili vya mezani vilivyojaa vya mchanganyiko na kukoroga. Asitie unga kwanza, majani hayatoi rangi vizuri ndani ya maziwa mazito. Mwambie pia kwamba masala hayayeyuki kama sukari, yanaelea na kuzama. Ataona vumbi la kahawia chini ya kikombe. Halina ubaya, akoroge tena akifika katikati.

Kipimo hicho ni vikombe 15 hivi, kama wiki mbili za kikombe kimoja kwa siku. Usimtengenezee cha muhula mzima. Nilijifunza kazi hii kwa mama mmoja wa Kihindi niliyemfanyia kazi Milimani, na yeye, ambaye neno masala lilikuwa la nyumbani kwao, hakuwahi kusaga zaidi ya mkebe mmoja wa kakao. Sheria yake ilikuwa kwamba viungo hukaa vizima, unga haukai. Nimeona ni kweli. Iliki ikishasagwa ndiyo ya kwanza kukimbia, na baada ya miezi miwili unabaki na ukali wa pilipili na tangawizi tu. Kujua kama yangali hai, sugua kidogo kati ya viganja na unuse. Usiposikia iliki mara moja, saga mengine.

Mpe chupa mbili za kioo, moja kubwa ikae imefungwa, moja ndogo ya kila siku. Kijiko kiwe kikavu. Na asichote juu ya kikombe kinachofuka, mvuke unapanda moja kwa moja ndani ya chupa. Hilo peke yake limegandisha masala ya watu wengi wanaodhani wameuziwa viungo vibaya.

Yale uliyonayo yaliyoganda, kama hayana ukungu wala harufu ya uvundo, yafunike uyaweke kwenye friji, na uyapikie chai ya nyumbani wiki hii. Chemsha maji kwanza, tia bonge, yatokote dakika tano, kisha majani, maziwa mwisho. Hayatakatika. Yakiwa na hata doa la kijivu, mwaga.

Ukifika kwenye kukausha na vipande vikakataa kukatika, niandikie umevikata unene gani.