Mbona fizio hamuweki mama kwenye ile roboti?

Mkuu umeuliza kwa nini fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) anamfanyisha mama yako mazoezi ya kikombe na taulo wakati roboti ya mkono ipo humo humo chumbani imefunikwa shuka, na unahisi ni uvivu. Mimi ni fizio, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, ngoja nikupe upande wetu.

Nilipoanza nilikuwa mtu wa mashine hasa. Nilikuwa na mzee mmoja nikamuweka kwenye gemu ya kuokota matunda kwenye skrini, maksi zikawa zinapanda kila wiki, anacheka, mimi navimba kichwa, mpaka siku mkewe akaniuliza mbona nyumbani hata kitasa hafungui? Siku hiyo nikasimama nyuma yake nikamwangalia vizuri, kumbe anarusha bega na kuinamisha mwili mzima, vidole havifanyi chochote. Gemu ilikuwa inahesabu matunda tu.

Tangu hapo naanza na kitu anachotaka kufanya mgonjwa mwenyewe, halafu ndo najiuliza kama mashine inatufikisha huko. Roboti uzuri wake inaurudishia mkono mjongeo ule ule mara nyingi bila kuchoka, ila kumfunga mikanda na kuseti kunaweza kula robo saa ya kipindi kizima, na hapo mama angeshashika kikombe mara ngapi? Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 770, majibu yakatoka 2019, waliofanyishwa na roboti hawakuwazidi wa huduma ya kawaida kwenye kuutumia mkono. Sijaitupa mashine kwa sababu ya hilo, ila siioni tena kama dawa.

Mashine ya umeme wa misuli, ile inayopitisha umeme kidogo kwenye ngozi ili msuli ujikaze, ni kesi nyingine, hiyo kabla ya yote nauliza kama mgonjwa ana pesimeka ya moyo, kile kifaa cha kurekebisha mapigo, kisha napima kama ngozi inahisi, maana asiyehisi anaweza kuungua akiwa kimya. Miwani ya VR, ile inayomzungushia mtu picha za kompyuta kama yuko ndani yake, kwa mtu mwenye kizunguzungu sithubutu. Na kuna wale ambao baada ya kiharusi upande wa kushoto ni kama haupo kwao, nusu ya skrini inawapita hivi hivi.

Ninapoikimbilia mashine bila kusita ni kwa mtu asiyeweza kusimama kabisa, ile mikanda inayombeba juu ya tredimili (mashine ya kutembelea), kwa sababu bila hiyo tunahitajika watu watatu na migongo yetu inalia.

Ila nisiwatetee wenzangu kupita kiasi. Kuna wakati mashine imefunikwa kwa sababu aliyefundishwa kuitumia alihama na waliobaki wanaiogopa, nimeliona hilo kwa macho yangu. Kwa hiyo muulize fizio wako moja kwa moja, hii roboti kwa mama haifai kwa sababu gani? Kama ana sababu atakuambia hapo hapo akiwa ameshika ule mkono.